Nani Alichora Mstari?

Siku hizi ukisoma uhakiki wa riwaya mpya, hukosi kukutana na sifa moja: ati kitabu ni "transgressive". Kuna ngono, kuna kufuru kidogo, kuna binti anayemjibu babake. Basi mwandishi kavuka mipaka, tumpigie makofi. Hebu tulitazame neno lenyewe kwanza.

"Transgress" asili yake ni Kilatini: kupiga hatua ukapita upande wa pili. Kwa karne nyingi Waingereza walilitumia kwa dhambi na uvunjaji wa sheria. Wanajiolojia wanalitumia bila lawama yoyote, kwa bahari inayopanda na kufunika nchi kavu. Kulifanya sifa ya sanaa ni mambo ya karne ya 20. Mwaka 1963 Michel Foucault aliandika insha nzima juu ya dhana hiyo, akimuenzi Georges Bataille aliyefariki mwaka mmoja kabla. Sisi tumeipokea sifa hiyo ikiwa tayari imepikwa.

Kiswahili hakina neno moja la kubeba yote hayo, na mimi naona ni faida. Kuvuka hakuna ubaya: mtu wa Lamu huvuka kwenda Mokowe au Manda, ni safari ya boti tu. Kukiuka ni kuruka kitu kilichowekwa mbele yako, ndiyo maana tunakiuka sheria, haki na masharti. Kufurutu ada ni kuzidisha: sherehe, mapambo, maneno. Kutaadi kuna jeuri ndani yake, na kuna mtu aliyeumizwa. Mhakiki akiandika "kuvuka mipaka" kila mahali, hajatuambia ni lipi kati ya haya.

Twende Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu. Jina hilo ukilisikia haraka utasikia kukoma, ingawa mkoma pia ni mti, kwa hivyo tusijenge nadharia juu ya sikio. Huu ni mtaa wa nyumba za mawe za waungwana, na nyumba hizo zimejengwa kwa mipaka. Mlangoni kuna daka, ambapo mgeni huketi na mazungumzo huishia. Ndani kabisa ni kwa watu wa nyumba. Lakini ukitembea vichochoroni na kuinua macho, utaona wikio: chumba kilichopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Wanawake waliweza kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kukanyaga barabara. Je, huyo kavuka mpaka au kautii? Yote mawili, kwa hatua ileile.

Kwa jicho hilo msome tena Mwana Kupona, mzaliwa wa kisiwa jirani cha Pate. Utendi wake wa 1858, aliomtungia bintiye akiwa mgonjwa, wengi wetu tuliufahamu shuleni kama orodha ya utiifu: kwa Mungu, kwa Mtume, kwa wazazi, kwa mume. Wapo wahakiki wanaosikia kejeli chini yake. Naona pande zote mbili zinautafutia ukuta uliovunjwa. Yeye hakuvunja ukuta. Alianza na wasia wa mama kwa mwana, jambo ambalo hakuna angeweza kumkataza, kisha mwishoni akawaita wanawake kwa jumla wausome. Sauti ilitoka nyumbani ikapita juu ya njia, nyumba hadi nyumba. Hilo ni wikio. Ukiliita uasi umelikosa, na ukiliita utiifu mtupu umelikosa pia.

Si kila mtu alikuwa na wikio. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alipowafundisha dini maskini na watu wa asili ya utumwa, baadhi ya waungwana wa Lamu waliona mambo yamepita kiasi. Elimu ilikuwa na wenyewe, na matari katika Maulidi yalizua ubishi. Kwa waliokuwa juu, huko kulikuwa kukiuka. Kwa waliokuwa chini, mlango ulikuwa umefunguliwa kwa mara ya kwanza. Alifariki 1935, na leo Maulidi ya msikiti wake wa Riyadha, upande wa Langoni, huwaleta wageni kutoka pwani nzima. Mstari ulihamishwa, na kilichoonekana kuzidi kikawa ada.

Ndiyo maana sifa ya "transgressive" hainitoshi. Inamtazama anayeruka peke yake, haiulizi nani alichora mstari wala nani atalipa. Mwandishi anayetukana dini ya jirani zake wanyonge ili asifiwe na wasomaji wa mbali, huyo kataadi, hata kama sentensi zake zinameremeta. Riwaya yenye kurasa mia za damu pengine imefurutu ada tu. Na shairi la upole, ambalo halimkasirishi mtu, laweza kuwa limekiuka kitu kikubwa kuliko vyote viwili.

Kwa hivyo, wahakiki wenzangu, mkishika kalamu tena chagueni kitenzi. Mkikosa, semeni wazi: ni mpaka gani, ni wa nani, na ng'ambo ya pili kuna nani.