Lulu, Isaro na Kutunga: Taswira ya Pwani Inaposomwa Gisenyi

Katika uhakiki wa nyimbo za taarabu na bongo fleva, lulu imezoeleka kufasiriwa kwa neno moja: mpenzi. Fasiri hiyo si potofu, ila ni ya kivivu. Inaifanya lulu kuwa jina la thamani tu, na kuacha nje chaza, bahari na mzamiaji, yaani mambo yanayoitofautisha na dhahabu au almasi. Wimbo ambao lulu yake inaweza kubadilishwa kwa almasi bila hasara haukuwa na lulu tangu mwanzo.

Gisenyi, wilayani Rubavu, ni mji wa ufukwe wa Ziwa Kivu unaopakana na Goma; ni mbali sana na bahari. Msomaji wa huko akikutana na lulu hulipima neno hilo kwa lugha nyingine mbili. Kifaransa kina perle, neno linalobeba lulu na ushanga kwa pamoja. Kinyarwanda kina isaro, yaani ushanga, ambalo pia ni jina la wasichana kama Lulu lilivyo pwani. Katika mfano wa mfanyabiashara, Mathayo 13, Biblia ya Kiswahili ina lulu, neno lenye asili ya Kiarabu, ilhali ya Kinyarwanda ina imaragarita, mkopo wenye asili ya Kigiriki. Yaelekea isaro halikuonekana kutosha.

Kwa mtazamo wa kwanza, msomaji huyo amepungukiwa: amepewa ushanga badala ya lulu. Al-Inkishafi inaonyesha kinyume chake. Mwanzoni mwa utenzi huo unaoomboleza kuanguka kwa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir haeleze kuzamia wala kuficha. Anaieleza kazi yake kuwa ni kutunga koja la lulu. Lulu hapo ni nyingi, zimepangwa, na uzuri wake umo katika mpangilio. Kiswahili chenyewe kinaiunga mkono taswira hiyo, kwa kuwa shairi hutungwa na shanga hutungwa. Shaaban Robert aliuendeleza ukoo huo wa mapambo katika anwani za Koja la Lugha na Pambo la Lugha. Mwanafunzi wa Gisenyi aliyezoea isaro anaweza, kwa hiyo, kuwa karibu zaidi na Al-Inkishafi kuliko shabiki wa Dar es Salaam anayeijua lulu kwa nyimbo za mapenzi pekee.

Hata hivyo, kitenzi hicho hicho kina mtego. Kwa Kinyarwanda, gutunga ni kumiliki, na umutunzi ni tajiri. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mtunzi ametunga lulu, ana kila sababu ya kuelewa kwamba mtu fulani anazo lulu nyingi. Ajabu ni kwamba kosa hilo linaieleza lulu ya kisasa barabara. Katika The Pearl ya John Steinbeck (1947), iliyosomwa katika shule za sekondari za Kenya, Kino anaipata lulu moja kubwa, anampoteza mwanawe kwa ajili yake, kisha anairudisha baharini. Uganda nayo huitwa Lulu ya Afrika, jina lililoenezwa na kitabu cha Winston Churchill cha 1908. Wimbo wa taifa wa 1962 unaiweka lulu hiyo katika taji la Afrika. Katika kazi zote mbili lulu ni moja, ina mwenyewe au inatafutiwa mwenyewe, na uzi haupo.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na matini za pwani zinahitaji maelezo ya kuzisindikiza darasani. Kuandika pembeni kwamba lulu ni "kito cha thamani" hakumsaidii mwanafunzi wa Rubavu. Aelezwe chaza, aelezwe uzi, aruhusiwe kuanzia kwenye isaro, na aonywe mapema kuhusu gutunga. Asipoonywa, hata watunga sera atawaelewa kuwa ni wenye kuimiliki sera.