Manyani Hawasemi: Umbo la Adili na Nduguze

Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai wa Ughaibu, anatumwa Janibu kufuatilia kodi iliyochelewa. Ni safari ya kiserikali, haina ajabu yoyote. Lakini usiku, nyumbani kwa Adili, mtawala anayesifika kwa haki na upole, anashuhudia jambo lisilolingana na sifa hizo: mwenyeji wake anawapiga manyani wawili, na akimaliza kuwapiga anawakumbatia, analia nao, anawalisha. Shaaban Robert anaiweka picha hii karibu na mlango wa Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, wala hana haraka ya kuieleza. Anamwacha Ikibali arudi Ughaibu akiwa ameibeba, na msomaji aibebe pamoja naye.

Wapenzi wa hadithi za majini na miji iliyolaaniwa tumezoea kuulizwa tunapata nini humo, hasa hadithi ikiwa ni ya kale na mwisho wake unajulikana. Swali hilo linastahili jibu la kiufundi. Adili na Nduguze ni mfano mzuri kwa sababu ni hadithi iliyosimuliwa upya. Chimbuko lake ni kisa cha Abdullah bin Fadhil na nduguze, kinachopatikana karibu na mwisho wa Alfu Lela Ulela. Katika tafsiri ya Kiingereza ya Richard Burton kinaanza usiku wa 978. Huko mfalme ni Harun al-Rashid, mji ni Basra, na mjumbe wa kodi ni Ishaq, mwanamuziki mashuhuri wa baraza la khalifa. Wanaopigwa na kubembelezwa ni mbwa wawili. Aliyekwisha kusoma kisa hicho anajua tangu ukurasa wa mwanzo kwamba manyani wa Janibu ni ndugu wa tumbo moja na yule anayewapiga. Siri imevuja kabla kitabu hakijafunguliwa.

Hata hivyo taharuki haifi. Mimi huihisi upya kila ninaporudi kwenye kitabu hiki, na nadhani sababu ni mahali ilipopandwa. Msuko haujaegemea swali la nini kitatokea. Yaliyotokea yalikwisha kutokea zamani. Tunachooneshwa ni masalio yake, yanayorudiwa kila usiku. Ukijua kwamba wale ni ndugu zake, picha inazidi kuwa nzito. Asiyejua anaona ukatili unaofuatwa na huruma, mambo mawili yanayopishana. Anayejua anaona kwamba ni jambo moja: mtu ameamriwa na jini awaadhibu damu yake, anatii, na utii wenyewe unamtesa. Mwandishi asiye hodari angelisimulia mambo kwa mfuatano wake, kuanzia urithi wa baba, safari za baharini, usaliti, kisha laana. Tungelifika kwa manyani tukiwa tumekwisha kuwahukumu. Shaaban Robert, kama msimulizi wa Kiarabu aliyemtangulia, anatuanzishia kwenye adhabu, na kwa muda mrefu tunawahurumia watu ambao baadaye tutaambiwa ni wakosaji. Huruma ile haifutiki hata ushahidi ukishatolewa.

Kisha litazame suala la midomo. Hadithi hii inapita katika vinywa vitatu. Kwanza yupo msimulizi wa nje, anayejua yote na kusema machache. Wa pili ni Ikibali, anayempelekea Mfalme Rai habari ya alichokiona. Mkononi mwake habari hiyo inageuka mashtaka, ingawa hakukusudia kushtaki. Wa tatu ni Adili mwenyewe, anayeitwa mbele ya mfalme pamoja na manyani wake ili ajieleze. Hapo ndipo kitabu kinapofungua ajabu zake: mji ambao watu wake wamegeuka mawe, msichana mmoja aliyesalimika humo, ndugu wanaomtosa Adili baharini kwa ajili ya msichana huyo, na Huria, jini aliyewahi kuokolewa na Adili, anayekuja kulipa fadhila kwa kumwokoa yeye na kuwageuza nduguze. Hakuna hata moja kati ya hayo tunaloliona kwa macho ya msimulizi wa nje. Yote yanatoka kinywani mwa mtu anayehojiwa.

Jambo hilo linanivutia kuliko jini yeyote. Katika kitabu hiki ajabu huletwa kama ushahidi. Mji wa mawe lazima umridhishe hakimu kwanza ndipo uturidhishe sisi. Adili akishindwa kumfanya Rai aamini kwamba manyani ni watu, atabaki kuwa mtawala anayetesa wanyama gizani. Kwa hiyo kila kioja kina mzigo wa kubeba, na mfalme anayesikiliza anafanya kazi ambayo msomaji wa fantasia huifanya kila mara, ile ya kuamua kama atamwamini msimulizi. Mwaka mmoja kabla, katika Kusadikika, Shaaban Robert alikuwa amelijaribu umbo hilohilo. Nchi ile inaelea angani, na visa vya wajumbe waliosafiri pande sita vinatolewa na Karama, mshtakiwa anayejitetea barazani dhidi ya Majivuno, mshtaki wake. Sidhani ni sadfa. Mwandishi aliyefanya kazi katika ofisi za serikali ya kikoloni, aliyejua uzito wa neno linalotamkwa mbele ya mwenye mamlaka, aliipa fantasia yake umbo la kesi mara mbili mfululizo. Alfu Lela Ulela yenyewe imesimama juu ya msingi kama huo: Shahrazad anasimulia ili apone. Shaaban Robert aliukuta msingi huo, akaujengea baraza.

Lakini baraza la Adili lina kasoro moja ambayo la Karama halina. Kusadikika kunamfungua mdomo mshtakiwa. Huku, wanaolaumiwa wako palepale mbele ya mfalme, wanasikia kila neno linalosemwa juu yao, na hawawezi kujibu. Msimulizi wa Kiarabu aliihisi kasoro hiyo, akaitafutia dawa. Abdullah kila mara huwageukia mbwa na kuwauliza kama mambo hayakuwa hivyo, nao huinamisha vichwa kukiri. Ni mbinu ya kijanja, lakini inazidi kuonesha pengo. Shahidi anayeweza tu kuinamisha kichwa hawezi kusema “ndiyo, lakini”.

Badiliko la mnyama nalo si dogo. Mapokeo ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, yanamhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Mtawala Mwislamu anayewakumbatia na kuwabusu mbwa ni picha ya kushtua, na katika kisa cha Kiarabu mshtuko huo unafanya kazi: mapenzi ya ndugu yamevuka hata mpaka wa tohara. Shaaban Robert anauacha mshtuko huo, anachukua mwingine. Nyani ana mikono. Ana uso unaokunjika, na macho yanayotazama mbele kama yetu. Kwa hiyo anayepigwa Janibu anakaribia sana kuwa mtu, amekosa lugha peke yake. Sijui badiliko jingine katika kitabu hiki lenye akili zaidi ya hilo. Hadithi ya zamani iliwashusha wakosaji mbali na ubinadamu; hii mpya imewaacha kizingitini, wanaweza kufanya kila kitu isipokuwa kusema.

Kisha yapo majina. Kaka hao wanaitwa Hasidi na Mwivu. Katika Alfu Lela Ulela waliitwa Nasir na Mansur, majina ya kawaida ambayo mtu yeyote angempa mwanawe kwa matumaini, na uovu wao ulipokuja ulikuja kama uovu wa watu tuliodhani tunawajua. Majina majazi ya Shaaban Robert yanatoa hukumu kabla ya kosa. Walimu wengi huyasifu kwa kusaidia kuyaona maadili upesi, na ni kweli yanasaidia. Lakini mimi naona yanadai gharama ya kifani. Adili anajieleza kwa urefu mbele ya Rai ilhali jina lake limekwisha kumshindia kesi. Nduguze wameondolewa ulimi na laana ya Huria, na kabla ya Huria waliondolewa na mwandishi aliyewabatiza. Ni mwandishi ninayempenda sana, na ndiyo maana sitaki kulipita jambo hili kimyakimya.

Mwisho wa kitabu unaonesha kwamba pengine yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Katika chimbuko la Kiarabu, ndugu wakishasamehewa na kurudishiwa umbo la watu, wanakula njama tena ya kumwua Abdullah, na safari hii wanalipa kwa maisha yao. Shaaban Robert anaikata sehemu hiyo yote. Hasidi na Mwivu wanarudishiwa utu, na hadithi inaishia kwenye upatanisho. Kama majina yangekuwa hatima, mwisho huo usingewezekana. Mtu aliyeitwa Hasidi tangu tumboni angepaswa kufa akiwa hasidi. Mwandishi amelivunja jina alilolitoa mwenyewe, na hapo ndipo ninapoona kwamba kusimulia upya ni kuhitilafiana na aliyekutangulia. Bado lakini hatupewi usiku wa Janibu kwa kinywa cha Hasidi: alivyoungoja mkono wa ndugu yake, na kama kumbatio lilimuuma kuliko pigo. Msamaha umepatikana, ushuhuda wake haupo.

Upande mwingine wa dunia, Ursula K. Le Guin, bingwa wa riwaya za kifantasia wa Marekani, alilifanyia kazi pengo la namna hii katika Lavinia, riwaya aliyoitoa mwaka 2008, ya mwisho kabla ya kifo chake mwaka 2018. Katika Aeneid, utenzi wa Virgil juu ya Aeneas aliyekimbia Troya na kwenda kuweka msingi wa taifa la Roma, Lavinia ni binti mfalme anayepiganiwa. Vita vya nusu nzima ya utenzi huo wenye vitabu 12 vinahusu nani atamwoa. Yeye mwenyewe hatamki neno. Nywele zake zinawaka moto wa miujiza, uso wake unageuka mwekundu, basi.

Le Guin angeweza kumpa sauti kwa njia nyepesi, yaani kuandika “mimi Lavinia” na kuendelea. Nafsi ya kwanza ipo, lakini ameongeza jambo gumu zaidi. Lavinia anakutana na mshairi. Penye chemchemi takatifu ya Albunea anatokewa na kivuli cha Virgil, ambaye katika zama zake mwenyewe yu mahututi na utenzi wake haujakamilika. Mshairi anamweleza yatakayotokea, pamoja na orodha ndefu ya watakaouawa vitani. Anakiri kwamba hakumpa maisha ya kutosha. Kuanzia hapo Lavinia anaishi akijua kwamba ameandikwa, na akijua mume atakayempata atakuwa naye kwa miaka mitatu tu. Msomaji aliyesoma Virgil na mhusika aliyeumbwa na Virgil wanakuwa sawa: wote wanaujua mwisho. Taharuki inahamia penginepo, kwenye namna mtu anavyoipenda siku ambayo ameshaambiwa itaisha lini.

Umbo la riwaya hiyo linaifuata hali hiyo. Haina sura zilizogawanywa. Wakati unakwenda mbele na kurudi nyuma bila mlango wa kugonga, kama inavyofaa kwa msimulizi anayeyajua yote kwa pamoja. Utenzi wa Virgil unakatika Aeneas anapomwua Turnus, mshindani wake katika kumwoa Lavinia. Riwaya inaufikia wakati huo, inaupita, na bado kurasa zinaendelea, kwenye ujane, malezi, na siasa za mtoto wa kambo. Katika kurasa hizo mshairi hana la kumwambia tena Lavinia, na sentensi zake zinapata uhuru ambao hazikuwa nao mwanzo. Ni sehemu tulivu, na wapo watakaoiona imepoa. Mimi naiona ndiyo sababu ya kitabu kuwepo.

Nimewaweka waandishi hawa wawili pamoja kwa sababu wanashughulika na suala moja kutoka pembe zinazokabiliana. Shaaban Robert alipokea hadithi ya baraza, akabadili mnyama na mwisho, akauacha mdomo ulipokuwa. Le Guin alipokea utenzi, hakuubadilisha matukio hata kidogo hadi pale ulipokomea, akauhamisha mdomo. Njia zote mbili ni halali. Ila ya pili kwetu bado ina nafasi pana. Tunazo riwaya zinazothubutu na wakati na vifo, Nagona ya Kezilahabi au Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, na Hassan Adam ametutafsiria Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili cha leo, kwa hiyo malighafi imo mikononi mwetu.

Basi natamani mwandishi wa Kiswahili amchukue Hasidi. Kazi hiyo ina matatizo ya kweli ya kifani, na ndiyo maana inastahili kufanywa. Hasidi asimulie lini? Akisimulia baada ya kurudishiwa utu, tutapata toba, na toba hupenda kulainisha. Akisimulia akiwa nyani, lazima apatikane msikilizaji, maana ndani ya kitabu kile hakuna anayemsikia isipokuwa Mwivu, na mazungumzo ya wakosaji wawili waliofungwa pamoja yanaweza kuwa riwaya nzima. Tena hawezi kuuepuka mji wa mawe, ambako Adili alimkuta msichana yule na ambako wivu uliiva. Itabidi auoneshe kama alivyouona yeye, kwa macho ya mtu aliyebaki merikebuni akimngoja ndugu mwenye bahati. Jina ndilo gumu kuliko yote. Mwandishi akilibadilisha atakuwa amekwepa. Akiliacha, itabidi Hasidi alijibu, na amjibu aliyempa.