Milimita Mbili Juu ya Kioo

Mwenye nyumba akiridhika na kazi ya fundi rangi, husifu rangi: imekolea, inang'aa, imekaa sawa. Kioo hakisifiwi. Anayesogea dirishani hutazama mwembe wa jirani na watoto wanaotoka madrasa, kioo chenyewe macho yamekivuka bila kukiona. Lakini tone moja la rangi nyeupe likigandia katikati yake, kila mgeni atalitaja, na fundi yule hataitwa tena.

Kazi hii ina hesabu yake. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina madirisha ya fremu nyembamba za chuma, yaliyogawanywa kwa vioo vidogo vidogo. Dirisha moja la vioo 12 lina kingo 48 kwa ndani na 48 nyingine kwa nje. Nyumba ya madirisha manane ni kingo 768, na kila ukingo ni mstari ambao brashi inatakiwa iufuate bila kuteleza. Wanaopatana na fundi kwa ukubwa wa kuta husahau mistari hiyo. Tena kwa ndani kuna nondo za kuzuia wezi: mkono unapenya kati ya nondo mbili, kifundo kimepinda, na rangi ya mafuta imeshaanza kuchuruzika kabla mtu hajajipanga.

Ndiyo maana kumebuniwa kila namna ya kukifunika kioo. Kipande cha sabuni ya mche kikisuguliwa pembezoni huacha utando mweupe. Rangi ikidondoka inakaa juu ya sabuni, na kesho yake inatoka kwa kitambaa kilicholowa. Mafuta ya mgando yanafanya kazi hiyohiyo, ila yana hila. Yakigusa mbao au puti, rangi haitashika hapo, na baada ya miezi michache itabanduka kama gamba. Gazeti la jana, lililokatwa vipande virefu na kuchovywa majini, hunata kwenye kioo bila gundi yoyote hadi litakapokauka, kwa hiyo fundi hupaka mbiombio, dirisha baada ya dirisha, akishindana na jua. Apitaye nje husoma nusu ya matokeo ya mpira, nusu nyingine imekunjwa.

Tepu ya karatasi haikutengenezwa kwa ajili ya dirisha. Miaka ya 1920 magari ya rangi mbili yalikuwa fasheni Marekani, na mafundi wa gereji walibandika karatasi ili kutenganisha rangi na rangi; wakiibandua, inatoka pamoja na kazi ya kutwa nzima. Richard Drew, kijana wa maabara katika kampuni ya 3M mjini Saint Paul, jimbo la Minnesota, alikuwa akipeleka msasa kwenye gereji ukajaribiwe, akawasikia wakilaani. Kampuni yake ilijua msasa, si gundi. Hata hivyo kufikia mwaka 1925 alikuwa na tepu. Inasimuliwa kwamba ile ya kwanza ilitiwa gundi kingoni tu, ikadondoka, na fundi mmoja akamrudisha nayo kwa wakubwa zake kwa maneno makali. Maabara iliyokubali kufundishwa kwa matusi ya gereji inastahili heshima yake.

Lakini tepu huwadanganya wanagenzi. Mwanagenzi huibandika hadi mwisho kabisa, ukingo wake umelala sambamba na puti, akadhani amekilinda kioo. Fundi mkongwe akipita huibandua na kuirudisha nyuma kidogo, kiasi cha milimita 2, kioo kikabaki wazi upana wa uzi. Sababu iko ndani ya puti. Puti ya asili ni unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani. Hufanya ngozi kwa juu ilhali ndani bado laini, na ikiachwa uchi juani huendelea kukakamaa mpaka ipasuke. Rangi ndiyo nguo yake. Nguo hiyo isipopanda juu ya kioo, maji ya mvua yanayoteremka hukuta mwanya kati ya kioo na puti, yakajificha humo. Fremu ya mbao ikaoza, ya chuma ikaliwa na kutu mahali jicho lisipofika. Kioo ambacho rangi haikukigusa hata kidogo, basi, kimelindwa vibaya.

Si rahisi kumweleza mwenye nyumba jambo hili.

"Fundi, mbona umekipaka na kioo?"

"Hapo ndipo mvua inapozuiliwa, mama. Pitisha ukucha uone."

Anapitisha ukucha. Mstari umenyooka kuliko rula, hana la kusema, lakini moyoni bado anaona amechafuliwa.

Walio hodari kweli hawabandiki chochote. Wanashika brashi ya inchi moja na nusu, nywele zake zimekatwa mshazari, wanaichovya theluthi tu na kuigongagonga ndani ya kopo. Hawaanzii ukingoni. Wanaanzia pembeni kidogo, rangi ikishapungua ndipo ncha ya nywele inasogezwa taratibu hadi kwenye kioo, kisha mkono mzima unashuka kutoka begani, pumzi imebanwa, hadi kona ya chini. Ikitokea imevuka, kuna kisu cha puti kilichozungushiwa kitambaa chenye tapentaini: pitisho moja, kosa limefutika likiwa bado bichi.

Na kuna njia ya kulikwepa tatizo zima, yaani kupaka kabla kioo hakijafika. Crystal Palace, iliyosanifiwa na Joseph Paxton, ilipojengwa jijini London kwa maonyesho ya mwaka 1851, jengo la vioo karibu 300,000, fito za mbao za kushikia vioo zilichovywa kwenye birika la rangi na kupitishwa kati ya brashi zilizokwangua ziada. Mchomeleaji wa Gikomba jijini Nairobi au Buguruni jijini Dar es Salaam anafanya la aina hiyo bila mashine, anapoipaka fremu rangi nyekundu ya kuzuia kutu ingali imeegemea ukuta wa karakana. Ila mkono wa mwisho wa rangi lazima usubiri puti, na puti husubiri kioo, kwa hiyo mtihani unaahirishwa tu.

Unguja mtihani huo unageuka mwingine. Hospitali ya Zamani ya Mji Mkongwe, jengo ambalo tajiri Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 na likakamilika 1894, yeye akiwa ameshafariki, ina vioo vya rangi vilivyokaa karibu na mbao zilizonakshiwa kama lesi. Kwenye vioo vya namna hiyo wembe haushikwi kwa pupa. Kioo ambacho rangi imeyeyushwa ndani yake huvumilia kukwanguliwa. Kile ambacho rangi imechorwa juu kinaweza kupoteza ua zima kwa pitisho moja. Kioo cha kawaida nacho kinataka kuloweshwa maji ya sabuni kwanza na wembe ulazwe, maana wembe mkavu huacha mikwaruzo. Kile kilichoimarishwa kwa joto kinaweza kuchubuka hata fundi akijitahidi, kwa sababu ya punje za kioo zilizogandia usoni mwake tangu kiwandani.

Sasa alumini imeenea, haihitaji rangi wala puti, na mitaa mipya inaota madirisha ambayo fundi rangi hayagusi kabisa. Ni nafuu kwa mwenye nyumba, hilo halina ubishi.

Kwenye nyumba za zamani, kazi huisha jioni. Tepu imevutwa kwa mshazari rangi ikiwa haijakauka sawasawa, kwa sababu ikiachwa siku kadhaa juani gundi huokwa na kubaki kwenye kioo. Fundi ameiviringisha ikawa mpira mdogo wenye mistari ya nyeupe. Kabla ya kuondoka anarudi dirisha kwa dirisha, anasukuma kila ubawa uachane na fremu, wazi kiasi cha vidole viwili, usije ukagandana usiku.

"Usiku mzima wazi, fundi? Na mbu?"

"Leo tu, mama. Shusha chandarua."