Kishikio Chekundu

Fundi wa pikipiki wa Bondeni, Mombasa, hupiga resi kidogo, akatega sikio, akazungusha skrubu ya kabureta robo mzunguko, akatega sikio tena. Akichomoa plagi akaikuta nyeusi kwa masizi, mafuta yamezidi. Akiikuta nyeupe, mafuta ni haba na injini inajiunguza. Anaitaka iwe ya kahawia. Vuka Makupa, pita Changamwe mpaka uwanja wa ndege, utamkuta rubani wa ndege ndogo mwenye ufundi uo huo, ila yeye huufanya angani, injini ikinguruma. Kwangu mimi, hakuna kazi ya mkono na sikio inayoushinda.

Injini ya petroli hula hewa zaidi kuliko mafuta: kwa uzani, hewa kama 15 kwa petroli 1. Pikipiki yetu haitoki usawa wa bahari, basi ikishawekwa sawa imetulia. Ndege huondoka Mombasa, kiwanja kisichozidi futi 200 au hivi juu ya bahari, na baada ya saa mbili na ushei inatua Wilson, Nairobi, futi 5,500 na zaidi. Katikati, juu ya nyika ya Taru na Tsavo, huenda ikawa futi 8,500. Hewa ya huko ni nyepesi, na kabureta haina habari. Inazidi kumimina petroli kwa kipimo cha pwani. Injini inakuwa jiko la mafuta ya taa lililokosa hewa: moto wa manjano, masizi tele, na chungu hakichemki.

Ndipo mkono unapokwenda kwenye kishikio chekundu, kile cha kupunguza na kuongeza mafuta. Rubani anakivuta taratibu, tena taratibu sana. Kwanza injini inachangamka, na sindano ya joto la moshi inapanda. Anazidi kuvuta. Ghafla mtetemo unaingia kwenye kiti na kwenye nyayo, injini inaanza kumisi: silinda hazigawiwi mafuta sawasawa, na ile iliyopata kidogo kuliko wenzake imeshindwa kwanza. Hapo anakirudisha ndani kidogo tu, mpaka injini ilainike. Kitabu cha ndege kimemfundisha njia, lakini mahali pa kusimama ameonyeshwa na injini yenyewe, kwa joto la siku ile na kimo kile. Kesho patakuwa pengine.

Heshima yangu kwa ufundi huu inazidi nikikumbuka adhabu zake. Ukibana mafuta kupita kiasi huku injini imepewa nguvu zote, mchanganyiko hulipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni huweza kutoboka. Na wakati wa kurudi, ndege ikishuka kuelekea Mombasa, hewa inazidi kuwa nzito; asiyekumbuka kuongeza mafuta atakuta injini ina njaa wakati ardhi iko karibu.

Kazi hii ina umri kwetu. Florence Wilson alianzisha Wilson Airways Nairobi mwaka 1929, na ndege zake za pistoni zilitua Mombasa mpaka vita vya 1939 vilipoifunga kampuni. Siku hizi ndege za Caravan zinazopeleka abiria Manda, Lamu, hutumia injini ya tabo, isiyo na kishikio hiki. Lakini Cessna 172 na 206 zingali zinaruka, na wanafunzi wa urubani wa Wilson hukutana nacho mapema, kwani kule juu hata kupaa kwenyewe huhitaji mafuta yapunguzwe.

Nawaambia vijana wa Bondeni mnaoijua injini kwa mlio: msiuone urubani kuwa ni wa watu wengine. Hesabu na hali ya hewa hufundishwa darasani, na ada ya kufikia leseni si ndogo. Sikio mnalo tayari. Nendeni mkaulize.