Kulijua Dema Jema la Kutegea Tasi

Kwenye fukwe za Pemba, Unguja na pwani ya kusini ya Kenya utayakuta madema yameegemezwa kwenye minazi, na kwa mgeni yote ni mamoja: fito zilizosukwa, tundu za pembe sita, mlango mmoja. Mnunuzi asiyejua hulitikisa, akiona gumu analipa. Mimi huanza na mlango.

Ingiza mkono. Mlango uwe mpana kwa nje, usinyae kadiri unavyoingia ndani, na mwisho wake uiname kidogo, ncha za fito zikiwa huru. Mkono uingie bila kukwaruzika, lakini ukiuvuta urudi, ncha zile zikuchome. Kisha chungulia kupitia tundu za ubavuni uone mdomo wa ndani unaishia wapi. Tasi akishaingia huzunguka akifuata kuta, akitafuta pa kutokea. Mdomo ukiwa katikati, mbali na kuta, anaupita kila mara bila kuuona. Ukiwa umeegemea ubavu, ataukuta tu na kujiondokea. Dema la namna hiyo liache, hata kama usukaji wake unapendeza macho.

Fito za mkwamba hupindwa zingali mbichi. Tazama kwenye kona: ganda likiwa limepasuka, ujue msusi alipinda fito iliyokauka, na hapo ndipo litakapoachia. Kazi safi hubanwa na fito zenyewe zinavyopishana. Kamba ni za kushikiza kingo tu. Madema ya waya siyapendi. Kamba ya boya ikikatika, dema la mti huoza likaacha samaki watoke, bali la waya huendelea kuua huko chini muda mrefu, na hakuna anayekula.

Kwenye tundu ndipo wengi wanapokosea. Wanaamini tundu ndogo ndiyo faida, kwa kuwa hakuna kinachoponyoka. Utafiti uliofanyika katika maji ya ndani ya mwamba nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kinyume. Madema yalipoachiwa nyufa za wima za kuponyokea, samaki wasiotakiwa walipungua, walionaswa wakawa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi kikapanda. Sababu iko kwenye maumbo yao: mtoto wa samaki na samaki aitwaye kipepeo ni wembamba, hupenya ubavu ubavu, tasi aliyekomaa ni mnene, hapiti. Kwa hiyo msusi akikuonyesha ufa alioupima kwa unene wa samaki anayemtaka, huyo anajua kazi yake, na anastahili bei anayoitaja.

Dema liendane pia na msimu. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia na unaweza kulipeleka hadi ukingo wa mwamba. Kusi likivuma, mvuvi hurudi ndani ya mwamba, na hapo lafaa dema fupi, pana chini, lenye nafasi ya kufungia mawe ya kutosha. Refu hupinduliwa na wimbi. Chambo ni mwani mbichi uliobanduliwa mwambani, kwani tasi ni mla majani.

Kuhusu mwezi, nina msimamo wangu. Tasi hukusanyika kutaga karibu na mwezi mpevu, na wavuvi wa Praslin kule Shelisheli wanajulikana kwa kuwategea nyakati hizo. Dema hujaa kweli, ila limejaa samaki wenye mayai. Mvuvi ninayemheshimu huyahamisha madema yake kutoka mahali pa kutagia siku hizo.

Hukumu ya mwisho hutolewa siku ya kutegua. Samaki atoke hai, magamba yamekaa, pua nzima. Pua ikiwa imechubuka hadi nyama, amekaa mno akigonga fito: mvuvi alichelewa. Ukikuta mafupa na mkunga aliyeshiba, alichelewa zaidi. Na unapomtoa tasi, mshike kichwani ukiyalaza mapezi yake nyuma, maana miiba yake ina sumu. Akikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, mpaka maumivu yapoe.