Fizikia ya Mpemba Ilifanyikia Iringa

Kisa cha Erasto Mpemba karibu kila mtu anakijua, na karibu kila mtu anakikatishia njiani. Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, anaogopa kukosa nafasi kwenye friji. Anaingiza maziwa yake ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, na yanaganda kabla ya yale ya mwenzake. Basi. Tunacheka, tunampigia makofi, tunaondoka.

Mimi nasema hapo ndipo kisa kinapoanza. Nimeisoma tena makala yenyewe, aliyoiandika pamoja na Dk. Denis Osborne na kutoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Safari hii kilichonishika ni Iringa, alikokwenda baada ya Magamba kuendelea na masomo Mkwawa.

Makala ina sauti mbili. Kwanza anazungumza Mpemba, mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, kama kijana anayewasimulia wenzake bwenini. Hajichongei sanamu. Anaeleza jinsi alivyomuuliza mwalimu wa fizikia Mkwawa, akajibiwa kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia, na jinsi darasa zima lilivyofanya jina lake kuwa utani wa kila kosa. Mwandishi mwingine angelipunguza lile tukio, eti asionekane mnyonge. Yeye kaliacha lilivyo, na ndilo linaloibeba makala.

Halafu inakuja aya ambayo wasimuliaji wetu huiruka. Siku moja anakuta maabara ya baiolojia iko wazi, hakuna mtu. Anachukua bika mbili, moja anaijazia maji ya bomba, nyingine maji yaliyochemka, anaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja anarudi kuangalia: ile ya maji ya moto ina barafu zaidi.

Ndugu yangu, hebu tulinganishe. Aiskrimu ya Magamba ilikuwa bahati. Maziwa ya mwenzake hayakuwa yamechemshwa, kwa hiyo mambo mawili yalitofautiana kwa mpigo. Iringa kaondoa maziwa, kaondoa sukari, kabakiza maji na joto. Huo ni utafiti, mdogo lakini utafiti. Tukiishia kwenye aiskrimu tunamgeuza mtafiti kuwa mtoto mwenye bahati.

Osborne alipofika Mkwawa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, Mpemba alimuuliza swali lilelile, wenzake wakaona kawaaibisha. Osborne akaahidi kwenda kulijaribu, na akalijaribu. Nusu yake ya makala ni kavu kidogo, ya vipimo na michoro. Lakini ameonyesha adabu ambayo ni adimu kwenye majarida: neno la kwanza kamwachia mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye tuzo. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hili. Maelezo zaidi ya 22,000 yalitumwa, na mshindi akawa Nikola Bregović wa Zagreb, Kroatia. Mwaka 2016 watafiti wengine wakaandika kwamba hawaoni ushahidi wa kutosha kuwa maji hufanya hivyo. Ubishi haujaisha, na ni haki ya sayansi kubisha. Ila hata wanaobisha, wanabisha na Mpemba.

Jina limebaki, mahali pamepotea. Jane Goodall alipopata Tuzo ya Kyoto mwaka 1990, hakuna aliyeuliza kazi yake ilifanyikia wapi: Gombe, tangu 1960. Huku kwetu Mbeya nako, mwaka 2003 watafiti walimwona kipunji kwenye Mlima Rungwe baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji, na mwaka uliofuata wengine wakamkuta Udzungwa. Kisayansi akaitwa Rungwecebus kipunji. Mlima na jina walilompa wenyeji vyote viwili vimo. Huwezi kumtaja bila kutaja kwao. Mpemba hana bahati hiyo. Mahali pake tunapaswa kupataja sisi.

Na si kwa ajili ya sifa za mkoa. Mkwawa ile ile, tangu 2005, ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Wanaosoma pale wengi watakuwa walimu, na kesho kutwa mwanafunzi wa kidato cha tatu atawauliza swali ambalo halimo kitabuni. Ningependa "Cool?" iwe katika orodha yao ya kusoma, yote, mpaka zile bika mbili.