Mapigo ya moyo chini ya kifusi: hesabu ilivyofanyika

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko kubwa liliipiga Nepal. Siku chache baadaye, huko Chautara, rada ndogo iitwayo FINDER, iliyobuniwa na maabara ya NASA ya Jet Propulsion Laboratory pamoja na Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, iligundua mapigo ya moyo chini ya majengo mawili yaliyoporomoka. Wanaume wanne waliokuwa wamefukiwa na matofali na udongo wakatolewa wakiwa hai. Rada hiyo haikutafuta joto wala sauti. Ilituma mikrowevu hafifu na kusoma jinsi zilivyorudi kutoka kwenye vifua vinavyotikisika. Nataka tuangalie hesabu iliyo nyuma ya usomaji huo, maana hapo ndipo kazi ngumu ilipo.

Milinganyo ya Maxwell, inayoeleza mwenendo wa mawimbi kama hayo, hutatulika vizuri wimbi linapogonga kitu kilichotulia. Kitu kikitikisika, uso unaolirudisha wimbi unahama huku hesabu ikiendelea, na mambo huchafuka haraka. Njia inayotumika ni kukigandisha kitu hicho. Chukua wimbi la gigahezi 3, ambalo lina uwezo wa kupenya kifusi. Linapanda na kushuka mara bilioni 3 kwa sekunde, wakati moyo unapiga mara moja hivi. Kifua cha mtu anayepumua taratibu husogea milimita chache tu kwa sekunde. Basi kila nukta ya muda unakichukulia kifua kuwa kimesimama, unakokotoa wimbi linalorudi, kisha unaingia nukta inayofuata, kama fremu za filamu. Kuna wanaoiona njia hii kuwa ni kulipua kazi. Siafikiani nao hata kidogo: kosa linalobaki ni dogo mno kuliko kelele za kipokezi chochote tunachoweza kuunda.

Baada ya hapo kinachobeba habari ni awamu, yaani mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Kifua kikisogea milimita 1, safari ya wimbi hubadilika kwa milimita 2, kwenda na kurudi. Wimbi la gigahezi 3 lina urefu wa sentimita 10. Pumzi ikiinua kifua milimita 5, awamu inageuka nyuzi 36. Moyo ukikisukuma milimita 0.2, inageuka nyuzi 1.4 tu. Mhandisi anawinda hizo nyuzi 1.4.

Kwa nini basi asitumie wimbi fupi zaidi? Kwa gigahezi 60 urefu wa wimbi ni milimita 5, na msukumo uleule wa moyo unageuza awamu karibu nyuzi 29. Kuna vikwazo viwili. Cha kwanza kinajulikana: wimbi fupi hivyo humezwa na kutawanywa na zege kabla halijamfikia mtu. Cha pili hujificha ndani ya hesabu yenyewe. Hata pumzi ikiwa laini kabisa, wimbi linalorudi huzaa masafa mapya: mara mbili ya mwendo wa pumzi, mara tatu, mara nne, kwa nguvu zinazofuata zile fomula za mwanafalaki Mjerumani Friedrich Bessel. Mtu akipumua mara 15 kwa dakika, mara nne yake ni 60, na hapo ndipo moyo unapopiga. Ukikokotoa kwa vipimo nilivyotaja, kwa gigahezi 60 hicho kivuli cha nne cha pumzi kinaushinda moyo zaidi ya mara kumi. Kwa gigahezi 3 moyo unakishinda zaidi ya mara mia mbili. Kwa hiyo mwenye rada ya wimbi fupi akisoma masafa ya ishara ghafi bila kuitoa awamu kwanza, atatangaza mapigo ambayo kumbe ni pumzi.

Kuitoa awamu nako kuna mtego. Kipokezi cha njia moja hutoa namba moja, na kifua kikiwa katika umbali fulani namba hiyo haibadiliki hata kikisogea kidogo. Upofu huo hujirudia kila robo ya urefu wa wimbi, yaani kila sentimita 2.5, na aliyefukiwa huwezi kumwambia asogee. Dawa yake ni njia mbili, ya pili ikicheleweshwa robo mzunguko, ili moja ikipofuka nyingine iwe inaona vizuri kuliko wakati wote.

Namba hizo mbili ukizichora kwenye grafu, nukta inatembea juu ya tao la duara. Awamu ni pembe inayopimwa kutoka kitovu cha duara hilo. Lakini matofali yaliyotulia nayo hurudisha wimbi, tena lenye nguvu kuliko la kifua, na hukisukuma kitovu mbali na sifuri ya grafu. Inabidi kitovu kikisiwe kutokana na tao lenyewe. Kwa gigahezi 60 pumzi inazungusha nukta duara zima mara mbili, na kitovu kinapatikana kwa urahisi. Kwa gigahezi 3 una kipande cha nyuzi 36 tu, na kelele kidogo hukihamisha kitovu kwa umbali mkubwa. Wimbi linalopenya kifusi ndilo linalompa mhandisi tao fupi, na kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayostahili kazi zaidi kuliko kuongeza nguvu ya kurusha.

Tena mwokoaji aliyesimama kando ya rada naye anapumua, na kifua chake hakikuzibwa na kitu. Mwangwi wake unaweza kuuzidi kwa mbali ule wa aliye chini, na mwendo wa pumzi zao unaweza kulingana. Fomula hazitofautishi vifua hivyo viwili kwa mtikisiko peke yake. Kinachovitenganisha ni umbali, kwa hiyo rada lazima ipime pia muda ambao kila mwangwi umetumia kurudi.